Makofi ya Watu Wawili

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mmeitika, ila wale wa benchi za nyuma bado wana usingizi. Nitawaamsha kabla sijakaa chini.

Mimi ni Mama Ilunga wa hapa Naviundu. Leo mnanijua kwa mkono ambao haupo, lakini zamani mlinijua kwa mdomo na kwa bukari. Mchana nilikuwa nasaga mahindi ya watu kwenye mashini ya mtaa wetu, jioni nasonga unga wa bukari ya nyumbani. Siku moja mkanda wa mashini ulikamata mkono wa blauzi yangu, na blauzi ikanivuta na mimi. Nilizinduka hospitalini, mkono wa kuume umekatwa juu ya kiwiko.

Ndugu zangu, maumivu yalipoa, aibu ikabaki. Mnajua desturi yetu. Mkubwa akiingia unapiga magoti, unampigia makofi polepole, ndipo unamsalimu. Mimi ningempigia na nini? Nikaacha kupokea wageni. Kanisani nikaacha kuja, maana hapa tunaimba kwa makofi. Baba Ilunga, mume wangu, akawa anapika mwenyewe, bukari imejaa madonge, tunakula bila neno. Nilimwambia Mungu wazi kwamba afadhali angenichukua mzima kuliko kuniacha nusu.

Basi mama mkwe akatuma habari kwamba anakuja kutoka Kasomeno. Huyo mama ni pilipili. Siku ya ndoa yangu alinirudisha nje nianze upya kumsalimu, eti makofi yangu yana haraka. Nikajua mambo yangu yamekwisha: anakuja kumwambia mwanawe atafute bibi mwingine, mwenye mikono. Niliposikia sauti yake uani, nilikimbilia chumbani nikafunga mlango.

Akausukuma, akaingia. "Bibi ya mutoto wangu iko wapi? Minatoka mbali, hakuna wa kunipigia makofi?"

Nikamjibu kwa kilio, "Mama, mukono haiko. Nitakupigia na nini?"

Aliangalia kile kitenge nilichofunikia bega. Kisha mama yule mkali akashuka mkekani, akapiga magoti mbele ya mkamwana wake, yeye mkubwa. Akanyoosha kiganja.

"Leta ya kwako," akasema. "Ya pili ni hii yangu."

Tukapiga. Kiganja changu cha kushoto, chake cha kuume, polepole, kama desturi inavyotaka.

"Aya," akasema. "Leo ndiyo umenisalimia vizuri. Ile haraka yako imeisha."

Nilicheka na machozi yanatoka. Nilikuwa sijacheka tangu hospitali.

Bibi mwingine hakumtafuta. Alikaa kwetu mpaka mvua zikaanza, akanifundisha kubana sufuria kwa nyayo, kitambaa katikati nisiungue, huku nasonga kwa kushoto. Bukari ya kwanza ilimwagika yote, kuku wakala wakashiba, naye akanicheka mpaka akashika mbavu. Ya pili Baba Ilunga aliomba aongezewe. Hapo nilijua kwamba Mungu hakuniacha nusu. Nusu nyingine alikuwa ameiweka kwa watu, na mimi nilikuwa nimewafungia mlango.

Ndiyo maana sasa naenda hospitali kuwaona waliokatwa. Nilimkuta dada mmoja, Denise, mshonaji, amegeuza uso ukutani. Wote walikuwa wanampa pole na pole imemchosha. Mimi sikumpa. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikanyoosha kiganja changu, nikangoja. Alikawia sana. Kisha akageuka, akatoa mkono wake. Yeye amebakiwa na wa kuume, mimi wa kushoto. Mungu naye ana utani wake. Denise yuko pale karibu na dirisha, na blauzi hii niliyovaa ameishona yeye. Mkono mmoja wa blauzi ameufunga kabisa, kitambaa kisipotee bure.

Wewe uliyejifungia chumbani na aibu yako, fungua. Atakayesukuma huo mlango huenda ni yule unayemwogopa, na Bwana ndiye amemtuma.

Sasa simameni. Mkono mmoja wekeni mgongoni, wote, na mchungaji pia. Mwingine nyoosheni kwa jirani. Aliye peke yake mwisho wa benchi, msogeleeni. Haya, ndugu zangu, tumpigie Bwana makofi, polepole.