Dola Mia Tatu, Toa Kerekere

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele za masufuria. Waliolala, waamsheni. Leo redio ya shule yetu ya bweni, hapa mjini Savusavu, inamkumbuka marehemu Bi Seruwaia Batinika, mpiga picha. Narudia: mpiga picha. Picha zetu za pasipoti alipiga yeye, na sote tulitoka na sura za wezi wa kuku. Lakini sifa yake ilikuwa kwa waimbaji. Hao aliwatoa kama wafalme.

Mwimbaji akitaka picha ya kujitangaza, Bi Seruwaia aliuliza mambo mawili kabla ya kutaja bei. "Itatumika wapi? Kwa muda gani?" Bango la mlango wa soko, bei ndogo. Jalada la albamu, bei ya kati. Kuuzia bidhaa ya mtu mwingine? Hapo alivua miwani kwanza.

Tatizo ni kerekere, desturi yetu ya kuombana. Ndugu akishakuomba kwa neno hilo, humnyimi. Na hapa kwetu nani si ndugu? Binti yake, Vilimaina, anasema: "Mama angekufa njaa. Hata mbwa wa jirani alikuwa binamu."

Basi akabuni ankara yake. Picha moja, dola mia tatu. Toa kerekere, dola mia tatu. Jumla: sufuri. Chini yake: kwa matangazo ya mwimbaji mwenyewe tu, mwaka mmoja. Watu walicheka mpaka kinywaji cha yaqona kikawatoka puani.

Mpwa wake Peceli, mwimbaji, naye alipewa ankara ya sufuri. Picha yake mnaijua: anaruka kutoka gatini na shuka yake ya sulu ya kanisani, gitaa kaliinua juu lisilowe. Ankara alifungia mihogo ya kukaanga.

Kisha, wasikilizaji wapendwa, ikaja kampuni ya soda kutoka Sydney! Ingemgharamia Peceli ziara ya Australia nzima. Ilitaka tu ile picha, iiweke kwenye malori na chupa zake. Peceli akasema chukueni, ni ya shangazi. Mtu wa soda akampigia shangazi simu.

"Mama, tunaomba ile picha kubwa. Peceli kasema ni bure."

"Bure kwake. Wewe mtoto wa nani?"

"Samahani?"

"Mama yako anatoka kijiji gani?"

"Mama anatoka Melbourne."

"Basi bei yako ni elfu sita."

Mtu wa soda akasema wataifikiria bei, na ziara pia wataifikiria.

Peceli alifika mbio, peku, akaanguka mkekani. "Shangazi, wataifuta ziara! Kerekere, wape tu!"

Neno limeshatoka. Akikataa, ni aibu kwa ukoo mzima. Akikubali, kazi yake inabebwa bure na malori ya soda.

"Sawa," akasema Bi Seruwaia. "Chukua picha yenyewe, na haki zake zote. Sasa ni yako. Ukitaka kuwapa bure, wape. Ila atakayesema bure ni wewe, si mimi."

Peceli akashukuru, akapiga makofi ya heshima, akasimama. Hakuondoka.

"Shangazi, malori yao mangapi?"

"Mimi nitajuaje? Mwenye picha ni wewe."

"Na chupa?"

"Waulize, bwana mkubwa."

"Yaani sura yangu nchi nzima, bure?"

"Sura mbaya hiyo, si hasara. Mimi nalilia gitaa."

Wasikilizaji, Peceli alichukua simu! "Itatumika wapi? Kwa muda gani?" Akajibiwa: malori na chupa, Australia nzima, miaka miwili. Peceli akasema: "Elfu saba."

"Shangazi yako alisema sita!"

"Shangazi ana huruma. Mimi ndiyo kwanza naanza."

Mtu wa soda akasema: tuma ankara.

Walilipa. Narudia: walilipa, na ziara ikafanyika! Peceli ametuambia wiki hii: "Mpaka leo nikitaja bei, natamani kuipunguza. Lakini naitaja. Shangazi angeweza kunipigania siku ile. Aliniachia simu."

Kwa Vilimaina, kwa Peceli, kwa ukoo wote wa Batinika: bweni zima linawapa pole, hata wale waliotoka kama wezi wa kuku.

Nasi sote, wasikilizaji wapendwa, tukae kimya kidogo. Kila mmoja atazame picha iliyo karibu naye. Nani alisimama upande wa pili wa kamera? Kama hujui jina lake, uliza. Kama bado yu hai, mlipe leo.