Beseni la Mlangoni kwa Fundi Bampa

Wazee wetu, ndugu, majirani na mafundi wenza wa marehemu, mimi ni mpwa wake, na habari ya kifo chake niliipata kwanza kwa fundi viti, ambaye banda lake limepakana na banda la Mjomba, siku ya Jumanne tarehe 17 Septemba 2024, saa moja na nusu asubuhi, nikiwa uani naanika nguo za mtoto. Fundi viti alikuwa amepitia hospitali kumpelekea shati safi, akakuta kitanda kimeshatandikwa shuka jingine, akaja moja kwa moja nyumbani, akasimama karibu na kamba, na lile shati bado alikuwa nalo mkononi, limekunjwa vilevile. Alisema, "Mwanangu, Mzee hatunaye," nami nikamwambia asante, nikaanika nguo zilizobaki, zilikuwa sita, kisha nikaingia ndani kumwambia mke wa Mjomba. Nimepewa kazi ya kuandika historia hii kwa kuwa walisema sikosei herufi, na kama sauti haifiki huko nyuma mnivumilie, sijazoea kusimama mbele ya watu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Bampa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa pili katika watoto watatu, wa kwanza akiwa Mjomba Mkubwa, aliyeketi hapa mbele, na wa mwisho akiwa mama yangu mzazi.

Alisoma shule ya msingi iliyo jirani na stesheni kuanzia Januari 1974 hadi Novemba 1980, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa wa kwanza kufika asubuhi na wa mwisho kwenye matokeo, na hakuendelea zaidi.

Mwezi Machi 1982 alianza kujifunza kunyoosha bodi za magari katika gereji iliyokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, akakaa hapo karibu miaka kumi na tisa, kwanza akishika nyundo, halafu msasa, halafu bunduki ya kupulizia rangi. Katika miaka hiyo magari yalianza kuja na bampa za plastiki, na plastiki nyingine za milangoni na juu ya matairi, na mafundi wengi hawakuzipenda, kwa sababu walizipaka rangi kama wanavyopaka chuma, gari likioshwa mara mbili tatu rangi inabanduka kama ganda la yai, wakawa wanawaambia wateja wanunue mpya. Mjomba alikuwa akiziokota zile zilizotupwa, anakwenda kuzifanyia majaribio, wenzake wakimtania kwamba anaoa zilizoachika, na jina la Fundi Bampa lilitoka hapo. Aligundua kwamba ugomvi haukuwa kwenye rangi, ulikuwa kwenye mafuta, hata yale kidogo ya ngozi ya mtu, akawa anasema chuma husamehe lakini plastiki ina kinyongo, utaigusa leo na itakujibu mwezi ujao. Kwa hiyo aliosha kwa sabuni, akakausha, akafuta kwa kitambaa chenye spiriti, akapiga msasa taratibu kwa kufuata mkwaruzo, akajaza puti laini pale palipochimbika, akapiga msasa tena, akafuta tena, na kuanzia hapo hakuruhusu mkono wa mtu, hata wa mwenye gari, mpaka praima ya plastiki, ile rangi ya chini ya kushikisha, imekaa na rangi imepita juu yake mara tatu, nyepesi nyepesi. Tarehe 1 Februari 2001 alifungua banda lake mwenyewe, la mabati, kando ya duka la matairi, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipougua.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993 na mkewe, fundi cherehani, ambaye anasema kwamba siku ya kwanza Mjomba kufika kwao kujitambulisha, kabla hajasalimia vizuri, alikwaruza kwa ukucha mlango uliokuwa umepakwa rangi wiki ile, kuangalia kama imeshika, na baba mkwe akauliza kama huyu kijana amekuja kuoa au kukagua nyumba. Waliishi pamoja miaka thelathini na miezi minane.

Sasa nafika kwenye watoto. Karatasi niliyopewa na Mjomba Mkubwa ili niinakili ina mstari unaosema kwamba marehemu hakujaliwa kupata mtoto, na Mjomba Mkubwa hakuandika hivyo kwa nia mbaya, alinieleza kwamba historia ya mtu husomwa mbele ya watu na ni lazima iwe kweli, na ni kweli mke wa Mjomba hakubahatika kushika mimba. Nilinakili mstari huo mara mbili, mwandiko ukatoka mzuri. Juzi nilimsomea mke wa Mjomba akiwa anakunja nguo za marehemu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huo mstari mimi siujui," akaendelea kukunja.

Mama yangu alifariki tarehe 2 Novemba 2004, nikiwa na miaka mitano, baba yangu sikumjua, na jioni ya mazishi Mjomba alinibeba mgongoni mpaka kwake, nikalala huko, na sikurudishwa popote. Mwezi Aprili 2008, shule zikiwa zimefungwa, nilitumwa kumpelekea chai bandani, nikamkuta ameshaifuta bampa nyeupe ya gari la mkunga mmoja, ameingia ndani kuchanganya rangi, na bampa ile ilikuwa laini sana kwa macho, nikaweka mkono wangu wote juu yake kuona kama ni laini kweli, nami nilikuwa nimetoka kujipaka mafuta ya mgando. Sikusema. Mjomba akapiga praima, akapiga rangi, mkunga akachukua gari lake akashukuru. Baada ya wiki tatu alirudi, na pale mbele, upande wa kulia, rangi ilikuwa imebanduka kwa umbo la kiganja kidogo na vidole vitano, hata asiyejua kuhesabu angejua ni nini. Mafundi wa mabanda yote walikuja kutazama, wakacheka, fundi viti akasema gari limepigwa kofi, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya matairi. Mkunga hakucheka, aliuliza, "Huu mkono ni wa mtoto wa nani?"

Mjomba aliinama akautazama, hakugeuka kutafuta nilipo, akasema, "Ni wa mtoto wangu. Nitarudia yote."

Hakusema mpwa. Alirudia bampa nzima, akaibandua mpaka plastiki yenyewe, siku mbili, wala nyumbani hakuniuliza kitu, ila asubuhi iliyofuata aliweka beseni la bluu na kipande cha sabuni mlangoni mwa banda, akaniambia, "Njoo wakati wowote, lakini kwanza kunawa." Wengi mliopo hapa mmenawa katika beseni lile, na mlikuwa mkimtania kwamba kwa Fundi Bampa mtu ananawa kama aliyeitwa kula na halafu haletewi sahani, yeye anacheka tu, na sababu yake hakumwambia mtu, ndiyo maana naisema leo.

Kwa hiyo mahali hapa sikuandika nilivyopewa, Mjomba Mkubwa anisamehe, sikupata ujasiri wa kumwambia mapema. Nimeandika hivi: marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja, ambaye ni mimi, na mjukuu mmoja wa miezi minane.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukohoa mwezi Januari 2023, akidhani ni mafua, kisha akawa hawezi kumaliza bampa moja bila kukaa chini, na tarehe 6 Machi mwaka huo alipigwa picha ya kifua, akaambiwa mapafu yamechoka. Miaka mingi alipuliza rangi akiwa amejifunga leso tu usoni, daktari hakusema kwamba ni rangi wala hakusema kwamba si rangi, nasi hatukuuliza. Tangu hapo nilikuwa napuliza mimi, nimevaa barakoa ambayo hakuruhusu niivue hata dakika moja, yeye akiwa kwenye kigoda nje ya mlango, akinielekeza kwa kidole, na mtoto alipozaliwa alimpakata yeye kigodani. Jumamosi tarehe 31 Agosti 2024 alisema anajisikia vizuri, akaandaa mwenyewe plastiki mbili nyeusi za juu ya matairi za gari la muuza mikate, zilizokwaruzwa na ukuta, akazipiga praima, akasema rangi tutapiga Jumatatu, na Jumatatu hiyo, tarehe 2 Septemba, alilazwa hospitali kuu, wodi ya wanaume, kitanda cha nane karibu na dirisha. Alifariki tarehe 17 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na nane, na hakuna mtu wa kwetu aliyekuwepo, kwa sababu wodi ile hairuhusu ndugu kulala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, hasa muuguzi aliyemfumba macho na kumwambia fundi viti kwamba hakuhangaika, inawashukuru majirani walioleta viti, maji na turubai bila kuombwa, inawashukuru mafundi wote waliofunga mabanda yao siku nne, inamshukuru mkunga, ambaye sasa amestaafu na amefika hapa kwa gari lilelile, na muuza mikate, aliyesema zile plastiki zisubiri hata mwaka.

Hazikusubiri. Asubuhi iliyofuata, Jumatano tarehe 18, watu wakiwa bado wanaendelea kufika nyumbani, nilimwachia mke wa Mjomba mtoto, nikaenda bandani, nikafungua kufuli, nikazikuta pale alipozining'iniza, praima ikiwa imekaa siku nyingi mno na imeshika vumbi, na praima iliyokaa hivyo haipokei rangi mpaka ipigwe msasa upya. Sikujua la kufanya na mikono yangu siku ile zaidi ya hilo. Nilizipiga msasa taratibu, nikazifuta, nikapiga praima nyingine, nikangoja, nikapiga rangi nyeusi mara tatu, nyepesi nyepesi, nikaziacha zikauke na mlango wazi, nikarudi kwenye msiba, wala hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Lala salama, Baba. Nilinawa kwanza.