Soksi ya Mjukuu na Basi la Shangazi

Mgeni rasmi, mkuu wetu wa usafiri wa jiji,

UKARIBISHO
Karibu karakanani kwetu. Ukiona kimya, usidhani tumezembea. Mabasi ndiyo yamelala, na yakilala hunywa umeme kutoka sakafuni bila waya, kama mtoto anayenyonya usingizini. Hata sisi hupita tukinyata.

TULIKOTOKA
Zamani tulichaji kwa kuvuta nyaya nene, nzito. Mwenzetu tunayemwita Shangazi alipoumia bega, nyaya zilimshinda. Akakaa nyumbani, kila akisinzia anaota yuko usukanini, abiria wakimwamkia. Sahani za kuchajia zilipofukiwa sakafuni, alirudi kazini akicheka peke yake. "Jamani, siku hizi basi linajilisha lenyewe!"

MAFANIKIO
Haraka haraka haina baraka. Tuliegesha upande upande, kila mmoja akielekeza pua ya basi lake langoni ili awahi kutoka. Sakafu ikawa vuguvugu, paka wa mtaa mzima wakahamia, nasi tukaona raha. Fundi umeme ndiye aliyetuzindua: "Mnawaotesha paka moto! Sahani ya chini na ile ya tumboni mwa basi zisipotazamana sawasawa, umeme unapotea kwa joto."

Shangazi akaleta soksi ya mjukuu wake. Fundi akapima, wakaining'iniza darini kwa uzi. Soksi ikibusu kioo cha mbele katikati, dereva anasimama hapo hapo. Tukaning'iniza nyingine juu ya kila sahani. Sasa betri zinajaa mapema, na paka wamehama wakiwa wamenuna.

CHANGAMOTO
Vipimo vya umeme unaopotea vilivyokufikia ni vya enzi ya paka, kabla ya soksi. Tumesikia kwamba kwa vipimo hivyo sahani zitang'olewa, nyaya zirudi. Sisi wengine tutavuta. Shangazi hataweza. Tunaogopa, mgeni rasmi, wala hatuoni haya kusema.

MAOMBI
Tunaomba vipimo virudiwe leo, mbele ya macho yako. Tulimwomba Shangazi asome risala hii, akakataa katakata: "Nikisoma nitalia, na machozi hayachaji betri." Yuko pale langoni, ndani ya basi lake, anasubiri.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulinde safarini, na usingizi wako uwe mtulivu kama wa mabasi haya.

Soksi inayoning'inia juu ya kichwa chako ndiyo ile ya mjukuu. Tunaomba usogee kidogo, Shangazi aingie.

Ni sisi,
Umoja wa Madereva na Mafundi wa Mabasi ya Umeme