Mimma na Vikapu Viwili vya Wafu

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa. Najua mmeitika tega, hata kama redio hainiletei sauti zenu. Wageni wangu hawabishi hodi. Hawali, hawanywi, hawakai. Lakini asubuhi nakuta wameacha peremende.

Mliozaliwa hapa Messina mmejibu kabla sijamaliza. Ninyi wa ng'ambo ya mlangobahari mnaonisikiliza, kama mmeshindwa nipeni mji. Reggio? Naupokea. Nimekwenda Reggio, nimekula vizuri, nimelala, nimerudi kwa feri nimeshiba. Jibu ni wafu. Wafu wa nyumbani, wanaowaletea watoto vinyago vya sukari na matunda ya unga wa lozi, asubuhi ya tarehe mbili Novemba. Nasi watoto tulitoka nje na vikapu vyetu tukaulizana, "Wafu wako wamekuletea nini?" Unajibu kwa jina. Babu Nino kaniletea farasi wa sukari. Shangazi Tura kaniletea biskuti, nazo ngumu kama yeye mwenyewe alivyokuwa.

Leo tunamkumbuka mtu ambaye tangu utotoni alilikwepa swali hilo. Alikuwa jirani yangu tangu nilipozaliwa. Tulimwita Mimma. Tumemzika juzi.

Magazeti yameandika kwamba amefariki "mwanamke wa ule mchezo". Na kweli, upo mchezo wa kuigiza uliotungwa kutokana na maisha yake, nao bado unachezwa mpaka Milano. Maprofesa wanausifu. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo mchezo siwezi kuwachambulia. Naweza kuwaambia ulikotoka. Umetoka kwenye mabanda yetu ya mbao, kwenye ukuta uliotobolewa mlango.

Turudi nyuma. Desemba mwaka 1908, alfajiri. Ardhi ilitikisika, nyumba zikalala, kisha bahari ikapanda kuja kuchukua waliobaki. Mimi sikuwa nimezaliwa. Haya nimeyasikia kwa mama yangu, na mama hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Mabaharia wa Kirusi walifukua vifusi kwa mikono. Mmoja wao alimtoa mtoto wa kike wa miaka kama minne, mweupe kwa vumbi kama aliyetolewa kwenye pipa la unga. Akamfunga ndani ya koti lake, akamshusha bandarini.

Pale bandarini wanawake wawili walimkimbilia kwa pamoja.

Mmoja ni Donna Placida Scimone, mke wa fundi viatu. "Santina wangu," akasema, akamshika mkono wa kulia. Wa pili ni Donna Agatina Cucinotta, muuza samaki. "Melina wangu," akasema, akamshika wa kushoto. Kila mmoja alikuwa amempoteza mume na binti wa umri uleule. Kila mmoja aliapa. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa chini ya vifusi pamoja na makarani wenyewe. Padri akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Mwanangu, mama yako ni yupi?"

Mtoto akamtazama huyu. Akamtazama yule. Kisha akashika sketi ya Placida kwa mkono mmoja, na sketi ya Agatina kwa mkono mwingine. Wala hakusema neno.

Watu wakasema ni mshtuko, atasema akipoa. Basi wakawapa wale wanawake mabanda mawili yaliyopakana, katika yale ya mbao waliyojengewa walionusurika, wamlee pamoja mpaka aseme. Agatina akatoboa ukuta kwa shoka lake la samaki, ukawa mlango. Mtoto akaitwa Santina upande huu na Melina upande ule, na kote aliitika. Sisi wengine tukamwita Mimma, maana yake kitoto tu, ili tusimuudhi mtu.

Msidhani walielewana, wasikilizaji wapendwa. Waligombana kila siku. Mama aliwasikia kupitia mbao.

"Umemsuka nywele kama mkia wa punda."

"Afadhali mkia wa punda kuliko wewe unayemrudisha kwangu ananuka dagaa."

"Dagaa ndio wanaomlisha, mama mkubwa. Viatu vya marehemu wako haviliwi."

Na kila Novemba, Mimma alipata vikapu viwili. Kimoja kutoka kwa wafu wa Placida, kingine kutoka kwa wafu wa Agatina. Watoto walimwonea wivu. Walimzunguka wakimuuliza, "Mimma, wafu wako wamekuletea nini?" Akitaja jina, amechagua. Akichagua, mwanamke mmoja kati ya wale wawili anafiwa mara ya pili. Yeye alikuwa anagawa peremende kwa mikono yote miwili, anasema, "Kuleni." Basi. Ndivyo alivyonijibu na mimi nilipofikia umri wa kuuliza. Yeye alikuwa msichana mkubwa tayari. "Kula, Cettina." Nikala. Mwaka uliofuata nikauliza tena, na ukawa utani wetu wa maisha.

Ndipo akaja mwandishi. Bwana mwembamba wa bara, mwenye kofia ya mviringo. Alikuja kunyolewa, na kinyozi wetu alikuwa hawezi kushika wembe bila kushika na maneno. Yule bwana alitoka pale na nusu ya ndevu. Alikwenda moja kwa moja kuuangalia ule mlango. Baada ya muda tukasikia ametunga mchezo, na kundi la waigizaji linauleta kwenye jumba letu la mbao, Jumapili mchana. Mabanda yote yalikwenda. Mimi nilipakatwa na mama, na dengu za kukaanga zimejaa mfukoni.

Siku ile sitaisahau. Ulikuwa mchezo wa namna mpya, hatujaona mfano wake. Hakuna mfalme, hakuna panga. Wanawake wawili na msichana kwenye kiti. Mji mzima unamuuliza, wewe ni wa nani? Mwishoni mwigizaji aliyekuwa yule msichana akasimama, akashuka jukwaani, akaja kukaa kwenye kiti kitupu katikati yetu. Akanyamaza. Taa za jukwaani zikazimwa. Kwisha.

Watu walipandwa na hasira. Miluzi, maganda ya mbegu, mtu karusha chungwa. "Turudishieni pesa zetu." "Mchezo gani hauna mwisho?" Ndipo Don Tano, muuza nyama, akapanda juu ya benchi.

"Jamani, tunamzomea huyu wa nini? Mwenyewe yuko hapa. Amekaa na mama zake. Tumuulize."

Jumba zima likageuka.

Mimma alikuwa katikati yao, Placida kulia, Agatina kushoto, kama pale bandarini. Mama aliniambia nishushe kidole. Niliona mkono wa Agatina, ule mkono wa kuchinja samaki, umekamata sketi ya Mimma. Placida alikuwa amefumba macho. Neno moja tu, na mmoja wao anarudi kwenye banda tupu.

Mimma akasema, "Don Tano, na mimi nimekata tiketi kama wewe. Kaa chini, unanizibia."

Watu wakacheka. Don Tano akakaa. Lakini jioni ile, mama alisikiliza ukutani na hakusikia ugomvi. Alisikia Placida anasema polepole, "Usije ukasema, mwanangu. Hata kama ni mimi, usiseme." Na Agatina akajibu, "Leo huyu mwanamke kasema la maana. Andikeni tarehe."

Hawakumuuliza tena maisha yao yote. Hawakumuuliza tena.

Mimma aliolewa na Don Saro, dereva wa tramu. Mnajua desturi yetu. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Binti wa pili hupewa jina la mama wa mama. Alipozaliwa wa pili, mabanda yote yalikodoa macho. Atakuwa Placida au Agatina? Mimma akamwita Assunta.

Assunta mwenyewe, ambaye sasa ni bibi kama mimi, ameniambia hivi: "Bibi zangu wote wawili walinuna mwezi mzima. Ndiyo mara ya kwanza walikuwa upande mmoja. Walimuuliza mama, Assunta ndiye nani? Mama akasema, jina zuri tu."

Agatina alitangulia, miaka ya vita. Placida, aliyegombana naye kila siku, alikaa kwenye ule mlango wa ukutani na kukataa chakula mpaka Mimma alipomlisha kwa kijiko. Naye Placida alipokufa, Mimma aliwazika bega kwa bega. Kila Novemba nilikwenda naye makaburini. Anawasha taa kwa Placida. Anawasha taa kwa Agatina. Kisha anatembea mpaka kwenye kaburi la pamoja la watu wa tetemeko, wasiojulikana majina, anawasha ya tatu. Nilimuuliza, "Hiyo ya nani?" Akasema, "Ya wasio na mtu."

Wasikilizaji wapendwa, nawapa pole Assunta na dada yake na wajukuu wote. Mmempoteza mtu aliyejua kunyamaza vizuri, na hao si wengi mjini hapa. Nasi tuliobaki tujiulize kidogo leo, tukikoroga kahawa. Ni mara ngapi tumemkaba mtu atupe ukweli, bila kuuliza nani ataulipia?

Assunta aliniambia, "Shangazi Cettina, wasimulie lile la mwisho. Wamelisubiri tangu siku ile ya Don Tano." Basi nasimulia kwa ruhusa yake.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe mbili, wiki ileile aliyofariki. Mimma alikuwa kitandani. Nilimpelekea mwanasesere wa sukari, kwa utani, bibi kizee kumpelekea bibi kizee. Assunta alikuwa dirishani anakunja mashuka. Nikauliza kama kila mwaka.

"Mimma, wafu wako wamekuletea nini?"

Nilingoja aniambie kula, Cettina. Hakuniambia. Alimshika yule mwanasesere akamlaza kifuani.

"Pale bandarini niliwatazama wote wawili," akasema. "Sikumjua hata mmoja. Lakini walikuwa wanalia sana."

Assunta akaacha kukunja.

"Mama yangu alikuwa Assunta. Yuko kwenye lile kaburi la pamoja, na baba, na wadogo zangu. Hawajawahi kuniletea kitu, Cettina. Wangejuaje nimehamia wapi? Mwaka huu nitawapelekea mimi."