Jeki ya Chini ya Meza

Sogeeni, wanangu, Ndeti na dada yako Mbinya, mfunge na mlango, maana neno hili ni lenu, si la jirani anayepita akisingizia kutafuta mbuzi.

Karakana ninawaachia nyinyi wawili, lakini jueni nilivyoipata ile ruta, mashine ya kuchonga mbao. Stima ilipofika hapa Nunguni niliteremka Emali kwa muuzaji mmoja, Jonah, akaniwekea mbili: moja mpya inayong'aa, nyingine nzito, kuukuu. Akaisifu ile mpya mpaka nikamshuku, kwani kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipoomba aiwashe akasema stima imepotea. Nikauzungusha mhimili wake kwa mkono, ukayumba. Nikachukua ile kuukuu, na haijawahi kunidanganya.

Hapo nikajiona mjanja. Nilihitaji pia kiinuo cha kuishika ruta chini ya meza, kuipandisha na kuishusha ili kisu kitokeze juu, na Jonah akaniambia, "Mzee, chukua hiki cha chuma. Jeki ya gari italegea." Nikadhani ananiwinda tena, nikafunga jeki kuukuu ya gari.

Mwaka wa pili jeki ikateleza, mashine ikainama, kisu kikaidaka mbao na kuuvuta mkono wangu. Vidole viwili vikaenda. Jana yake ndugu yangu Musyoka, ambaye tuligombania naye mpaka wa shamba, alikuwa ameitumia meza hiyo. Nikamwambia mbele ya waumini, "Umenikata mkono upate shamba." Akahamia Kiboko, nami nikawakataza kumwita baba mdogo.

Mwezi jana Mbinya aliifungua jeki akanionyesha meno ya skrubu yaliyoliwa na kutu. Hapakuwa na mkono wa mtu. Na mimi, wanangu, nilimtazama binti yangu nikawaza, huyu ametumwa na Musyoka. Ugonjwa huo wa kushuku ulinianza kabla ya huu wa kifua.

Sasa sikilizeni, pumzi inapungua. Mbinya, ruta ni yako, na Ndeti asinune. Nunueni kiinuo cha chuma. Ndeti, panda gari uende Kiboko. Usimwambie baba yako mdogo kwamba ninakufa, mwambie nilikosa. Mpaka wa shamba aupime yeye, mawe ayaweke anapotaka, na yakisogea kwetu msiyarudishe.

Asipokuja... msimshuku.

Mungu awape mikono mizima na moyo... moyo mwepesi kuliko wangu. Inamisheni vichwa niwatemee mate ya baraka. Mdomo umekauka. Mbinya, maji... kidogo tu.