Daktari Aliyeanzia Machinjioni

Ndugu na jamaa, majirani, watumishi wa idara ya mifugo, wachinjaji na wenye mabucha, nanyi wafugaji mliofika hapa na viatu vyenu vya zizini bila kuomba radhi, na hakuna aliyewataka muombe, familia imemkabidhi binti wa kwanza wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya baba yake, naye atayasoma kwa mpangilio ule ule ambao marehemu aliyaishi, ingawa mpangilio huo uliwakera wengi alipokuwa hai, na bila shaka utawakera baadhi yenu hata leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, katika chumba kilichokuwa nyuma ya bucha la baba yake, karibu na lango la soko la zamani, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, na wa kwanza wao ni baba mkubwa, ambaye ameketi hapa mbele. Alikua akisikia shoka likipasua mifupa upande wa pili wa ukuta, na bibi yetu alipenda kusimulia kwamba kila mbuzi aliyefungwa uani kusubiri zamu yake alipewa na mtoto huyo maji, majani na jina, jambo lililomfanya babu amkemee mara nyingi, kwa kuwa si rahisi kumchinja mnyama ambaye nyumba nzima inamwita kwa jina lake.

Alianza shule ya msingi Januari 1963, akamaliza mwaka 1969, akachaguliwa kuendelea na sekondari, akasoma vizuri hadi kidato cha pili, lakini tarehe 22 Agosti 1971 babu alifariki ghafla, na wiki hiyo hiyo wazee wa ukoo walikaa, wakaona bucha haliwezi kubebwa na mtu mmoja, wakamtoa shuleni akiwa na miaka kumi na sita, wakampa kisu. Historia za namna hii huwa zinasema hapo kwamba marehemu alijiunga na biashara ya familia, na sisi tumekataa kuandika hivyo, kwa sababu hakujiunga, aliunganishwa, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi chini ya kaka yake, na haki isemwe, kaka yake alimlea, alimfundisha kunoa kisu, kuchuna bila kutoboa ngozi, kumkata ng'ombe mzima kabla jua halijawa kali, na hakuna siku aliyomwacha alale njaa. Marehemu akawa mchinjaji hodari, mwenye mkono mwepesi na utani usioisha, na watu walivuka mabucha mawili kuja kununua kwake.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani aliyekuwa na chumba chake cha kushonea mtaa wa nyuma, ambaye hadi leo anasema alikubali posa kwa sababu huyu ndiye mwuza nyama pekee aliyempimia bila kumchomekea mifupa. Walijaliwa watoto watatu, binti huyu anayewasomea, aliyezaliwa mwaka 1980, wa pili, ambaye ni fundi umeme, mwaka 1983, na kitinda mimba, ambaye ni mwalimu, mwaka 1988.

Kwa watu wengi habari za shule huishia utotoni, zikafuatwa na kazi, ndoa na watoto, na marehemu naye angeishia hapo kama si asubuhi ya tarehe 11 Juni 1994, pale machinjioni, alipomchinja ng'ombe aliyeletwa kwa maelezo kwamba ni tasa, na alipompasua akamkuta ndama aliyekaribia kuzaliwa, mwenye kwato na manyoya yaliyokamilika. Alimtoa, akamfuta ute puani, akamsugua kwa shati lake, yule ndama akavuta pumzi, akavuta tena, halafu akatulia, mikononi mwa mtu aliyejua kila njia ya kumwondoa mnyama duniani na hakujua hata moja ya kumbakiza. Wenzake walimwambia amweke pembeni kazi iendelee, maana foleni ilikuwa ndefu, yeye akaenda kumtafuta daktari wa mifugo wa zamu, akamuuliza kama kuna kitu kingeweza kufanyika, akajibiwa kwamba vipo viwili vitatu, ila si vya kubahatisha. Akauliza vinafundishwa wapi. Daktari yule, mwanamke aliyekuwa na haraka zake, hakucheka, alimtajia chuo, akamtajia na masomo ya sekondari yanayotakiwa, na marehemu akarudi nyumbani akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mke, watoto watatu na kidato cha pili.

Alipomweleza kaka yake kwamba anataka kusoma awe daktari wa mifugo, baba mkubwa alimjibu mbele ya wateja, na maneno hayo ukoo mzima unayajua: "Shule ni ya watoto. Ukienda kukaa na watoto, humu usirudi kushika kisu." Marehemu alivua aproni, akaitundika kwenye ndoano tupu, akatoka, na tangu siku hiyo akawa anakata nyama asubuhi kwa mtu mwingine, upande wa pili wa soko, na jioni anakwenda darasani.

Shangazi na wajomba walikuja kwa zamu kumwomba mama amzuie mume wake, wakisema atajiaibisha, atawaacha watoto wakihangaika, na kwanza atamaliza akiwa mzee wa kushika mkongojo, na mama aliwasikiliza akiwa anakanyaga cherehani, hakusimamisha hata kidogo, mpaka walipolitaja neno umri kwa mara ya tatu, ndipo akanyanyua mguu. "Mlipompa kisu akiwa na miaka kumi na sita," aliwaambia, "hamkuuliza umri." Walikunywa chai yao wakaondoka, na hawakurudi tena kwa ajili ya jambo hilo.

Masomo ya jioni yalianza Januari 1995, na nyumbani alisomea kwenye meza ya mama ya kukatia vitambaa, ubavuni mwa binti yake, ambaye wakati huo naye alikuwa sekondari, na ambaye ndiye aliyemfundisha kemia, akiwa mwalimu mkali asiyejali kwamba mwanafunzi wake ndiye baba mwenye nyumba. Novemba 1998 baba na binti walifanya mtihani mmoja, katika ukumbi mmoja, msimamizi akamtaka marehemu atoke nje kwa kudhani ni mzazi aliyemsindikiza mtoto, na matokeo yalipotoka binti alifaulu, baba akaanguka kemia. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, wachinjaji wakambandika jina la Mwanafunzi, likamganda mpaka uzeeni, na marehemu alilipokea, akawa analiitikia, na mwaka 1999 akarudia mtihani ule akafaulu.

Aliingia chuo cha mifugo Septemba 2000, akiwa na miaka arobaini na mitano, na wengi walidhani hapo sasa atateleza tu, kwani nani angemfundisha mchinjaji habari za mwili wa ng'ombe, na yeye mwenyewe alidhani hivyo hivyo, akaingia kwenye mtihani wa kwanza wa viungo kifua mbele, akapata alama za chini kuliko darasa zima. Palipotakiwa jina la msuli wa mgongo aliandika sarara, jina la buchani, palipotakiwa misuli ya kifua aliandika kidari, akaongeza kwamba ni nyama nzuri ya kuchemsha, na kila alipoonyeshwa mchoro aliona mahali pa kupitisha kisu, hakuona mshipa unaleta damu kutoka wapi. Mwalimu wake, msichana wa umri wa kuwa binti yake, alimbakiza baada ya darasa. "Mzee, wewe unamjua ng'ombe aliyekwisha kufa," alimwambia. "Hapa tunamsoma aliye hai." Marehemu alirudia muhula mzima, na alisema baadaye kwamba kujifunza kulimchosha kidogo tu, kilichomtoa jasho ni kusahau.

Alihitimu stashahada mwaka 2003, akaajiriwa na idara ya mifugo ya mji kama mganga msaidizi, akazunguka na baiskeli akichanja ng'ombe na kuku, na kazi nzuri, mshahara upo, watu wakashusha pumzi wakidhani sasa ametosheka, kumbe mwaka 2005 aliomba ruhusa ya masomo akaenda chuo kikuu, akiwa na miaka hamsini. Hapo yakazuka maneno mapya, kwamba kiti alichokalia kilikuwa cha kijana, na maneno hayo yalisemwa hata na watu waliomo humu leo, basi familia inajibu leo kama yeye alivyojibu siku zile, kwamba kiti kile alikipata kwa mtihani, na mwenye kukitaka alikuwa huru kuja kufanya mtihani. Katika mazoezi ya mwaka wa nne alimzalisha ng'ombe aliyekwama, ndama akaanguka kwenye majani akiwa hai, akapiga chafya, na marehemu akakaa chini kwenye matope asitake kuinuka, mpaka wanafunzi wenzake wakafikiri amepatwa na shinikizo la damu, kumbe alikuwa analia.

Alitunukiwa shahada ya udaktari wa mifugo tarehe 20 Novemba 2010, akiwa na miaka hamsini na mitano, chini ya joho amevaa koti jeupe alilolishona mama, na akarudi kazini, ambapo idara ilimpanga machinjio yale yale, safari hii akiwa ndiye mkaguzi, ndiye mwenye mhuri, na pasipo mhuri wake hakuna nyama inayotoka getini.

Tarehe 9 Februari 2011 lililetwa dume la baba mkubwa, kubwa, lenye mafuta, na marehemu alipoyapasua mapafu na tezi akakuta vivimbe vya kifua kikuu, si mahali pamoja, ila mwili mzima, akaikataa nyama yote. Kwenye kikao cha familia cha jana wapo walioomba habari hii iachwe, kwa kuwa mwenyewe yuko hai na yuko hapa, lakini mwenyewe ndiye aliyesema isomwe. Baba mkubwa alimfuata mpaka chini ya minyororo ya kutundikia nyama, mbele ya wachinjaji wote, akamwambia, "Umesoma shule yote hiyo ili uje unitie mimi aibu?" Marehemu alikuwa ameushika mhuri mkononi. "Kaka," alisema, "nisingesoma ningekupigia mhuri." Akaushusha mfukoni, akaenda kusimama kando ya shimo mpaka nyama yote ikamwagiwa dawa na kufukiwa, na ndugu wale wawili hawakusemezana tena zaidi ya salamu za misibani.

Alistaafu Machi 2015, na siku ya pili yake akafungua chumba cha kutibia wanyama mbele ya chumba cha mama cha kushonea, hivyo wateja wa magauni na wateja wenye mbwa wa vidonda wakawa wanakalia benchi moja, na kwa miaka minane aliwahudumia wafugaji wadogo, mwenye mbuzi mmoja na mwenye kuku sita, kwa heshima ile ile aliyompa mwenye zizi.

Aprili 2022 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akagundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akaagizwa apunguze kazi, agizo alilolipokea kwa adabu na kulitia kapuni, mpaka Agosti 2023 alipoanguka zizini kwa jirani, akalazwa, na wodini akamwambia muuguzi kwamba wagonjwa wake yeye huchomwa sindano shingoni na hawalalamiki. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, na ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Wapo watakaopiga hesabu na kusema kwamba amekuwa daktari kwa miaka kumi na mitatu tu, na sisi hatuibishii hesabu yao, ila tunalikataa hilo neno "tu", tunalikataa mbele yenu na mbele ya jeneza lake, maana waulizeni hao waliovaa viatu vya zizini kama ilikuwa "tu".

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia mgonjwa anayesahihisha matibabu yake, inawashukuru majirani waliohama na sufuria zao kuja kutupikia, walimu wake, waliokuwa wadogo kuliko yeye na hawakumhurumia katika kusahihisha, wenzake wa idara, na wachinjaji, ambao leo wamefunga machinjio ili waje.

Mwisho kabisa inamshukuru baba mkubwa. Jana kikao kilibishana juu ya maneno ya kuandika kwenye kibao cha kaburi, wengine wakitaka jina na tarehe pekee, mmoja akauliza kama daktari wa ng'ombe naye ni daktari, na baba mkubwa, ambaye hata siku moja hakuwahi kumwita mdogo wake kwa cheo hicho, aliinuka akasema, "Andikeni Daktari, tena muanze na hilo. Yeye alichelewa kusoma. Mimi nimechelewa kumwita." Kimeandikwa hivyo. Tungetoa chochote ili marehemu alisikie neno hilo kwa masikio yake, na hatutajifanya kwamba alilisikia.

Daktari, kazi yako imeonekana. Lala, baba, na amani iwe yako.