Scovia wa Jumanne

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kendu Bay na ninyi mliosafiri kutoka Macalder, mimi ni Clifford Ouko, mdogo wa baba yake marehemu, na nimeombwa nisome historia hii ambayo kwa umri wetu ni yeye aliyepaswa kunisomea mimi.

Zilpah Adongo alizaliwa hapa Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, Jumapili tarehe 9 Machi 2014, dakika chache baada ya pacha wake Scovia Apiyo, wakiwa watoto wa pekee wa Filister na marehemu kaka yangu Maxwell. Baba yao alipofariki mwaka wa 2018, mama yao aliwachukua wakahamia Macalder, Kaunti ya Migori, kutafuta riziki kwenye mashimo ya dhahabu.

Kuhusu masomo, naomba mnivumilie. Januari 2019 sare ya shule ilikuwa moja, nikatoa shauri kwamba aandikishwe Scovia peke yake, kisha wapokezane, kwa kuwa hata mama yao huwachanganya, Scovia aende Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Zilpah aende Jumanne na Alhamisi kwa jina la dadake, na anayebaki akae na mama machimboni. Tulicheka siku hiyo, nikasifiwa kwa werevu, na wahenga walishasema akili nyingi huondoa maarifa. Kila jioni aliyetoka shule alimfundisha mwenzake kwa kijiti mchangani, wakafika gredi ya tano hivyo, na walimu hawakugundua. Watoto wenzao waligundua wiki ya kwanza, wakanyamaza, kwa sababu Scovia wa Jumanne alijua kukwepa mpira katika mchezo wa kati kuliko Scovia wa Jumatatu, na kila timu ilimtaka.

Kuhusu kazi, historia ya mtoto wa miaka kumi na moja ilipaswa kuiruka sehemu hii. Zilpah alianza kazi akiwa na miaka saba, akichota maji ya kuoshea mchanga, akiponda mawe, na baadaye akichanganya zebaki ya kunasia dhahabu kwa viganja vyake kwenye karai, na mwezi wa Februari mwaka huu mikono yake ilipoanza kutetemeka tulisema ni baridi. Macalder, mwezi wa pili, baridi. Hakuolewa, hakujaliwa watoto, ameacha mpira mmoja wa soksi.

Jumatano tarehe 18 Juni 2025, saa tano asubuhi, wenzake wakiwa uwanjani wakati wa mapumziko, alishuka katika shimo la zamani kuokota mawe, ukuta ukamwangukia, akatolewa akiwa anapumua, akakata roho njiani kuelekea hospitali. Nilipokwenda shuleni kupeleka habari, mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akanionyesha kwa upole kwamba mtoto wetu alikuwepo tangu asubuhi. Jina la Zilpah halimo katika daftari lolote, na darasani hakuna kiti kilichobaki wazi. Daftari hilo naliona kila nikifumba macho, na ninaogopa.

Wiki hii Filister alimrudisha Scovia shuleni, akaenda Jumatatu vizuri, lakini Jumanne aliikunja sare, akailaza kitandani upande wa Zilpah, akasema leo si siku yake. Alhamisi akafanya vivyo hivyo.

Tunawashukuru wachimbaji waliofukua kwa mikono mitupu, daktari wa zamu, walimu, na majirani waliokesha nasi matangani. Filister, shemeji yangu, watu wasikulaumu, wazo lilikuwa langu. Scovia, mwanangu, mbele ya umati huu nakuomba uzichukue Jumanne na Alhamisi, uvae sare, uende, na ukiitwa jina uitikie, kwa maana siku hizo zilikuwa zenu nyote wawili tangu mwanzo, ni mimi niliyezigawa.

Nawe Zilpah, nimeambiwa nikuage kwa kukutakia pumziko. Lakini mtoto hulala akiwa amechoka kwa michezo, na wewe ulichoshwa na kazi yetu. Cheza kwanza, mwanangu, cheza mpaka uitwe ndani, ndipo upumzike kwa amani.